Vitabu kwenye meza ya mpasuaji

Kazi huanza kwa kukiziba kitabu. Brian Dettmer hupaka vanishi nzito kwenye kingo za kurasa, pande zote, mpaka kitabu kigeuke gogo lisilofunguka wala kupekuliwa. Pengine kabla ya hapo amekikunja, amekifunga kamba na kukibana kwa jiriwa kipinde atakavyo yeye, au ameunganisha juzuu kadhaa za ensaiklopidia zikawa mwili mmoja. Vanishi ikishakauka ndipo anaposhika kisu chembamba chenye ncha kali, kibano, na vidude vya aina ile tunayoiona kwenye trei ya daktari wa meno. Anakata dirisha kwenye jalada na ukurasa wa kwanza unajitokeza. Akiona picha inayomvutia, tuseme fuvu, au ramani, au injini ya mvuke, anaizunguka kwa kisu na kuiacha palepale ilipo. Sehemu iliyobaki ya ukurasa anaing'oa kwa kibano. Kisha anashuka ukurasa wa pili, wa tatu, wa mia mbili.

Amejiwekea sharti moja, nalo ndilo linalofanya kazi zake zistahili kuangaliwa mara mbili: hahamishi kitu, haongezi kitu. Kila picha na kila neno unaloliona limebaki pale mpiga chapa alipoliweka. Mtu akisimama mbele ya kazi hizo kwa mara ya kwanza huapa kwamba vipande vimekatwa huku na kubandikwa kule, kama zilivyo kazi nyingi za kubandika karatasi. La hasha. Ndege aliye ukurasa wa 40 anaonekana amemkalia begani mwanajeshi wa ukurasa wa 310 kwa sababu kurasa zote zilizokuwa katikati yao zimeondolewa. Na Dettmer mwenyewe hakujua kwamba wawili hao watakutana. Hakipitii kitabu kwanza na kupanga. Anakata akiwa hajui ukurasa unaofuata umebeba nini.

Wanaowajua wachongaji wa Kimakonde hawatashangazwa na utaratibu huu. Zile nguzo za dimoongo, ambazo watalii huziita za ujamaa, zenye watu waliobebana kutoka chini hadi juu, hutoka kwenye gogo moja la mpingo bila kuungwa kiungo hata kimoja. Mchongaji huondoa tu, na fundo la mti likimkatalia hulifuata fundo. Tofauti ni kwamba gogo la Mmakonde halijawahi kusema neno. Gogo la Dettmer limejaa maneno ya watu wengine.

Dettmer alizaliwa 1974 huko Marekani, akasomea sanaa katika chuo cha Columbia College mjini Chicago, baadaye akahamia Atlanta na kisha New York. Alianza na uchoraji, na michoro yake ya mwanzo ilihusu namna tunavyopokea habari: maandishi ya wasioona, alama za simu za upepo, vifungu vya magazeti. Akawa anachana kurasa za magazeti, kisha za vitabu, na kuzigandisha kwenye turubai. Kuchana vitabu kulimkera moyoni. Ameeleza hadharani kwamba alijiona mkosaji, kana kwamba anamuumiza kiumbe chenye uhai, na alitaka kuelewa hisia ile inatoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaacha kuchana akaanza kuchonga, na tangu hapo kazi zake zimejulikana kwa jina la uchunguzi wa maiti za vitabu.

Hisia ile ya ukosaji tunaijua vizuri sisi huku, ingawa kwetu ina sura mbili zisizopatana. Mtoto wa chuoni hufundishwa mapema kwamba msahafu haushikwi ovyo, hauwekwi chini, na mahali pake ni juu ya marufaa; ukichakaa hautupwi jalalani, bali huzikwa au huhifadhiwa mahali safi. Heshima hiyo imemwagikia vitabu vingine vyote. Kukanyaga kitabu, hata cha hesabu, kulitosha kukuletea kofi. Lakini mtoto huyohuyo akitoka nje ananunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu aliyemaliza kidato cha nne, yenye alama ya vema nyekundu ya mwalimu, na hakuna anayelia. Maandazi yamewahi kuvikwa kurasa za jiografia. Kwa hiyo tusijifanye kwamba kitabu kwetu hakiguswi. Kinaguswa sana, swali ni kipi na nani anakigusa.

Swali hilohilo ndilo ninalotaka kulipeleka kwa wasanii hawa wote, maana mabishano ya kama ni dhambi kukata kitabu hayana mwisho na hayana ladha. Niambie umekata kitabu gani. Niambie kisu kilikuta nini ndani yake.

Dettmer, kwa sehemu kubwa, hukata vitabu ambavyo wenyewe wameviacha: kamusi nene, vitabu vya tiba vya zamani, atlasi zenye nchi zisizokuwepo tena, na zaidi ya vyote ensaiklopidia. Uchaguzi huu una akili. Ensaiklopidia ilikuwa fahari ya sebule ya familia ya Kimarekani, ikiuzwa nyumba kwa nyumba na wachuuzi wenye maneno matamu, ikilipwa kwa awamu, na ahadi yake ilikuwa kubwa kuliko ya kitabu chochote cha kawaida: kwamba kila kinachofaa kujulikana kimo humu, kwa mpangilio wa alfabeti. Encyclopaedia Britannica ilianza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768. Machi 2012 wamiliki wake walitangaza kwamba hawatachapa tena kwenye karatasi, baada ya miaka 244; toleo la mwisho lilikuwa la 2010, juzuu 32. Siku ile maelfu ya rafu duniani zilibaki zimebeba kitu ambacho si kitabu cha kusoma wala si takataka.

Ndiyo maana hawamo kwenye uwanja huu Wamarekani peke yao. Guy Laramée wa Montreal, Kanada, huchukua juzuu zilezile akazisimamisha ubavu kwa ubavu na kuzichonga kuwa milima, mapango na mabonde. Ukisogea unaona miamba. Ukisogea zaidi unaona mistari ya kurasa kama matabaka ya udongo. Baada ya tangazo la Britannica alichonga kazi aliyoiita Adieu kutoka juzuu 24 za ensaiklopidia hiyo, safu ndefu ya nyanda na vilele. Long-Bin Chen, mzaliwa wa Taiwan, alipenda vitabu vya orodha za simu, vile vizito vya njano na vyeupe, akavigeuza kuwa vichwa vya Buddha. Mwaka 2013 wote watatu walikutanishwa katika onyesho moja mjini Charleston, Marekani, kwenye Halsey Institute, pamoja na wenzao Doug Beube na Francesca Pastine.

Sasa niseme ninavyoona. Laramée ni fundi hasa, na milima yake ni mizuri. Lakini ni mizuri vilevile hata kama ungeichonga kutoka kwenye kitabu cha mapishi. Yaliyoandikwa hayamhusu sana. Anataka rangi ya karatasi na mistari yake. Dettmer akiwa katika ubora wake anafanya jambo gumu zaidi. Ensaiklopidia ya miaka ya 1950 iliyopitiwa na kisu chake inabaki na wanaume wenye suti, mabomba ya mafuta, roketi, mchoro wa moyo, mhindi mwekundu mwenye manyoya kichwani, na mabaki ya maneno ya picha yaliyokatika katikati. Ghafla unaona ni nani aliyekuwa akihesabiwa kuwa sehemu ya elimu na nani aliwekwa humo kama mapambo. Hakuandika hata neno moja la kulaumu. Aliondoa tu maelezo yaliyokuwa yakifanya mambo hayo yaonekane ya kawaida. Zipo pia kazi zake, hasa zile za riwaya za bei rahisi zilizorundikwa kuwa minara, ambamo ufundi umemzidi nguvu msanii na kilichobaki ni mtazamaji kustaajabia muda uliotumika. Hazinipi mengi.

Jambo moja linalosahaulika na wanaomsifu: picha zile zinazotupendeza kwenye kazi za Dettmer zilichorwa na watu. Nyuma ya kila mchoro wa kipepeo au wa tanuru la chuma kuna mchoraji wa kulipwa kwa kazi, mara nyingi asiyetajwa jina, aliyekaa na kalamu ya nibu hadi mgongo ukamuuma. Dettmer mwenyewe hakatai kwamba anafanya kazi na mikono ya wengine. Huilinganisha na ya DJ anayechanganya muziki uliokwisha kurekodiwa. Kuhusu kifo cha kitabu ana msimamo ninaokubaliana nao: picha za kamera zilipoenea watu walisema uchoraji umekwisha, kumbe uchoraji ulikuwa umetuliwa mzigo wa kurekodi nyuso za matajiri, ukapata nafasi ya kwenda ulikotaka. Kitabu nacho, anasema, kimetuliwa mzigo wa kubeba takwimu za uzalishaji wa ngano.

Wazo la kumgeukia mwandishi kwa kukiharibu kitabu chake halikuzaliwa Marekani, wala halikungoja intaneti. Mtu wa kukumbukwa hapa ni John Latham, Mwingereza aliyezaliwa 1921 Livingstone, mji ambao leo uko Zambia, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Miaka ya 1960 alikuwa akifundisha kwa muda katika chuo cha sanaa cha St Martin's, London. Kwenye maktaba ya chuo kulikuwa na kitabu cha Clement Greenberg, mhakiki wa Kimarekani ambaye neno lake wakati ule lilikuwa amri kwa vijana wengi wa sanaa. Kitabu kiliitwa Art and Culture. Agosti 1966 Latham alikiazima. Pamoja na mwanafunzi wake Barry Flanagan, akaita wageni nyumbani kwake, akamkabidhi kila mmoja ukurasa, na kuwaomba watafune. Wakishatafuna watemee kwenye chupa.

Wageni walitafuna kama theluthi moja ya kitabu. Makapi yale akayatia asidi mpaka yakayeyuka, akaipooza asidi kwa magadi, akaongeza hamira, akaacha yachachuke. Mwaka uliofuata maktaba ikamwandikia ikitaka kitabu kirudishwe haraka, kuna mwanafunzi anakihitaji. Latham akaenda na kichupa cha kioo chenye majimaji, akamweleza mkutubi kwamba hicho ndicho kitabu. Haikupita muda akaarifiwa kwamba chuo hakitamhitaji tena. Leo kichupa hicho, nakala ya kitabu, barua ya maktaba na barua ya kumwachisha kazi vimo ndani ya mkoba wa ngozi katika mkusanyiko wa Museum of Modern Art, New York. Ukisoma habari hii haraka utadhani ni utundu wa mwalimu aliyechoka na mshahara mdogo. Nami nacheka kila nikiikumbuka. Lakini tazama alivyochagua: hakutafuna kitabu chochote kilichokuwa karibu. Alitafuna kile ambacho wanafunzi wake walikuwa wakikimeza bila kutafuna.

Kazi zake nyingine sina moyo nazo. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 alijenga minara ya vitabu na kuichoma moto mbele ya watu, mmojawapo karibu na British Museum. Ulaya ambayo ilikuwa imeona Wanazi wakichoma vitabu mjini Berlin tarehe 10 Mei 1933 haikuhitaji msanii wa kuikumbusha moshi wa karatasi unavyonuka. Latham alijitetea kwamba alikuwa akiuchoma utamaduni wa kuamini maandishi kupita kiasi. Huenda. Ila moto hauchagui. Kisu cha Dettmer kinaacha kitu cha kutazama. Moto unaacha majivu na maelezo ya msanii.

Kisa chake kingine kinatugusa zaidi watu wa pwani. Katika miaka yake ya uzeeni alitengeneza kazi iliyoitwa God is Great, ambamo Biblia, Qur'ani na Talmud zimekatwa na kupachikwa kwenye bamba nene la kioo kana kwamba zinapita katikati yake. Mwaka 2005, wiki chache baada ya mabomu ya London ya mwezi Julai, Tate Britain iliiondoa kazi hiyo kwenye maonyesho yake kwa kuhofia namna itakavyopokelewa. Latham hakuridhika, na wasanii wengi wa Uingereza walimuunga mkono. Alifariki Januari 2006. Nia yake, kama inavyoelezwa, ilikuwa kuonyesha kwamba dini tatu zinatoka chanzo kimoja. Nia si mbaya. Lakini Lamu au Unguja, kazi ile isingehitaji bomu la mji wowote ili ikataliwe, kwa sababu kwa muumini wa huku utukufu wa maneno yale haukai kwenye wazo pekee. Uko pia kwenye karatasi na wino. Kati ya msahafu na juzuu ya Britannica kuna umbali ambao msanii hawezi kuufuta kwa kusema kwamba zote ni karatasi.

Mwaka uleule wa 1966, London ileile, mchoraji mwingine, Tom Phillips, alinunua riwaya kuukuu kwa peni tatu kwenye ghala la samani huko Peckham Rye. Ilikuwa A Human Document ya W. H. Mallock, iliyotoka 1892 na kusahauliwa. Phillips akaanza kuchora na kupaka rangi juu ya kila ukurasa, akiacha maneno machache tu yakielea ndani ya mapovu meupe, mpaka riwaya ya zamani ikatoa hadithi nyingine kabisa. Aliiita A Humument, na akaifanyia kazi kwa nusu karne, akirudia kurasa na kuzibadilisha toleo baada ya toleo. La mwisho lilitoka 2016, naye akafariki 2022. Ndiye huyo Phillips aliyeandaa maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika katika Royal Academy, London, mwaka 1995. Mtu aliyeweza kukaa na kitabu kimoja cha peni tatu kwa miaka hamsini hawezi kushtakiwa kwa kutoheshimu vitabu. Sidhani Mallock amewahi kupata msomaji mwenye subira kumzidi.

Nikifika Afrika jambo hili linakuwa zito zaidi, kwa sababu kuna vitabu vya kale ambavyo havikutuandika kwa wema.

William Kentridge wa Johannesburg amezoea kuchora kwa mkaa juu ya kurasa za vitabu vilivyokwisha kazi yake. Mwaka 2013 alitoa filamu fupi, Second-hand Reading, iliyotengenezwa kwa michoro juu ya kurasa za kamusi: kurasa zinapinduka upesi, na mtu aliyechorwa, Kentridge mwenyewe, anatembea huku na huko juu ya maana za maneno, muziki ukiwa wa Neo Muyanga. Inapendeza. Lakini kazi yake ninayoithamini zaidi katika uwanja huu ni ile aliyoifanya juu ya daftari la hesabu za fedha la mgodi wa dhahabu wa East Rand, la mwaka 1906, iliyochapishwa 2015 pamoja na maandishi ya mwanaanthropolojia Rosalind Morris. Karani wa mgodi alikuwa na mwandiko mzuri kweli. Mistari imenyooka, jumla zimepigiwa mistari miwili. Juu ya tarakimu hizo Kentridge amechora ardhi iliyochimbwa, vifusi, nguzo, mashimo. Hesabu ya karani haikufutwa. Unaisoma huku unaiona nchi iliyolipa.

Na yuko Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, ambaye wengi walilisikia jina lake 2019 aliposimamisha wanawake wanne wa shaba kwenye uso wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kabla ya shaba alikuwa mtu wa mkasi na gundi. Katikati ya miaka ya 2000 alitengeneza mfululizo wa kazi 12 juu ya picha za vitabu vya kale vya utabibu, zile zinazoonyesha uvimbe na maradhi ya mfuko wa uzazi, zenye vichwa vya habari vya kisayansi juu ya kila ukurasa. Kwenye michoro ile ya viungo alibandika macho, midomo, pua, nywele, vipande vya pikipiki, manyoya na vumbi la kumetameta, vingi vikitoka kwenye magazeti ya mitindo na majarida ya kusafiria. Kila ukurasa ukawa uso wa mwanamke. Nyuso nyingine zinatisha, nyingine zinachekesha, na zote zinakutazama. Mfululizo huo ameuita kwa jina la kitabibu, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, kama anayemrudishia mwenyewe barua yake.

Hapa ile meza ya mpasuaji ninayoitaja tangu mwanzo inageuka kuwa meza ya kweli. Miaka ya 1840 huko Alabama, daktari J. Marion Sims, aliyekuja kutukuzwa kuwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, alijifunza upasuaji wake kwa kuwakata wanawake watumwa bila ganzi; watatu kati yao tunayajua majina, Anarcha, Lucy na Betsey. Kabla yake, Sarah Baartman wa Afrika Kusini alitembezwa Ulaya kama kitu cha maonyesho, na alipofariki Paris mwaka 1815 mwili wake ukapasuliwa na Georges Cuvier, mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, aliyeandika taarifa yake kwa lugha ya kitaalamu. Mabaki ya Baartman hayakurudishwa kwao hadi 2002. Vitabu vya namna hii viliwakata watu kabla watu hawajavikata. Mutu akipitisha mkasi juu ya ukurasa wa utabibu wa karne ya 19, sioni ni nani anayeweza kumwambia kwamba amekidhulumu kitabu.

Kwa kipimo changu yeye anampita Dettmer, na hilo halitokani na uzalendo. Mmarekani anakata kitabu kilichomlea. Anakipenda na anakihurumia, na huruma hiyo wakati mwingine inamlegeza mkono. Mutu hana deni lolote kwa kitabu chake.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao majumba ya sanaa ya New York hayauzungumzii. Ensaiklopidia zile zisizotakiwa tena sebuleni si zote zinazofika kwa mchongaji. Nyingi zilifungwa kwenye makasha zikapakiwa kwenye makontena na kuletwa Afrika kama msaada wa elimu. Wakutubi wetu wanazijua: juzuu tatu za mwanzo na mbili za mwisho, za kati hazipo, atlasi yenye Muungano wa Kisovyeti, kitabu cha sheria za kodi za jimbo fulani la Marekani, kompyuta zilizoelezwa enzi zinajaza chumba kizima. Malalamiko hayo ni ya miaka mingi na kwenye mikutano ya wakutubi yamejirudia sana. Mtoaji alishindwa kukitupa kitabu kwa sababu kitabu hakitupwi, akakitupa mbali ambako hatakiona, na akaandikiwa barua ya shukrani. Kitabu kikakaa rafuni kikizuia nafasi ya kile ambacho mwanafunzi wa Songea au Kitale angekihitaji kweli. Nikiambiwa nichague kati ya kisu cha Dettmer na kontena, ninachagua kisu. Msanii angalau anakubali kwamba kitabu kile hakina tena kazi ya kufundisha.

Nairobi swali hili limekaa katikati ya mji, ndani ya jengo lenye nguzo nyeupe. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, ikajengwa kumkumbuka Sir William Northrup McMillan, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, imekuwa ikishirikiana na kaunti kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kukarabati paa ni kazi ya fundi. Kuamua la kufanya na vitabu vya walowezi kuhusu wawindaji wao na watumishi wao ni kazi nyingine kabisa. Nakala ya pekee haipaswi kuguswa na yeyote. Inafaa kuhifadhiwa hata kama kila sentensi yake inaudhi, ili anayesema mambo hayakuwa hivyo aonyeshwe ukurasa. Dettmer na wenzake hukata vitabu vilivyochapwa kwa maelfu. Nakala ya pili, ya tatu na ya kumi ya kitabu kilekile ndiyo ninayoizungumzia.

Na hizo tunazo tele, za kwetu wenyewe. Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, na mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanyika 2023. Miaka karibu arobaini ya vitabu vya kiada imebaki stoo za shule, chini ya vitanda, na kwenye turubai za wauza vitabu wa kando ya barabara, wale ambao ili ununue ni lazima uiname. Tanzania nayo ina mitaala yake iliyopita, na kila badiliko linaacha shehena nyingine. Vingi vinauzwa kwa kilo vikafunge karanga. Vimechorwa na wachoraji wetu, vina watoto wenye majina tunayoyajua, vina mkulima bora na mama anayepika huku baba akisoma gazeti, vina kila kitu ambacho taifa lilitaka mtoto akiamini katika mwaka fulani. Hakuna ensaiklopidia ya Marekani inayotuhusu kiasi hicho. Vanishi ya mbao iko kila duka la vifaa vya ujenzi, na wembe ni shilingi chache.

Ningekuwa mwalimu wa sanaa ningempelekea mwanafunzi mmoja tu, yule mbishi wa nyuma ya darasa, kile kitabu cha historia kinachosema Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, chenye picha ya mzungu aliyenyoosha kidole na wapagazi wasio na majina nyuma yake. Azibe kingo. Kisha aanze kukata kwenye kile kidole, ashuke mpaka awafikie wapagazi.